Kuajiriwa na Kampuni Kubwa: Faida na Gharama Zake

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie faida na hasara za kuajiriwa na kampuni kubwa. Kwa maoni yangu, zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni mgawanyo wa kazi.

Mwaka 1776, mwanauchumi wa Uskoti Adam Smith alieleza karakana ya pini ambamo watu 10, kwa kugawana hatua za kazi, waliweza kutengeneza pini zaidi ya 48,000 kwa siku, ilhali kila mmoja akiwa peke yake asingefikisha hata 20. Tija ya namna hiyo ndiyo huiwezesha kampuni kubwa kulipa mishahara kwa wakati hata mteja mmoja akichelewesha malipo, na kumruhusu mwajiriwa aende likizo ya uzazi bila shughuli kusimama. Hata hivyo, Smith huyohuyo alionya, katika sehemu ambayo wanaomnukuu huiruka, kwamba anayetumia maisha yake yote katika hatua chache tu za kazi hudumaa akili.

Mchukulieni mhasibu ambaye kazi yake ni kulinganisha ankara za wauzaji na hati za kupokelea mizigo. Ataifanya kwa umahiri mkubwa, lakini anaweza kukaa miaka mingi bila kufunga hesabu za mwaka, kazi ambayo mwenzake katika kampuni ndogo huifanya mapema kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanya. Siku nafasi yake itakapofutwa, pengine na watu wasiowahi kumwona, atagundua kwamba sehemu kubwa ya ujuzi wake ilihusu mfumo wa kampuni ile moja tu.

Kuhusu urasimu, ambao kila mtu huulalamikia, mimi nina msimamo wa wastani. Saini nyingi hukera, lakini kanuni kwamba anayeagiza bidhaa asiwe ndiye anayeidhinisha malipo huzuia wizi, na humkinga mwaminifu asishukiwe fedha zinapopotea. Kinachonisumbua zaidi ni mchango wa mtu kumezwa na kundi. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann, katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba watu 8 wakivuta kwa pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu tu ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Katika idara yenye mamia ya watu, mzembe hujificha kwa urahisi, na hodari naye hasa huwa haonekani.

Kwa hiyo, mnapoitwa kwenye usaili, msiulizie mshahara peke yake. Ulizeni aliyeshika nafasi hiyo kabla yenu yuko wapi sasa. Akiwa amehamishiwa idara nyingine au amepandishwa cheo, mgawanyo wa kazi pale una milango. Akiwa ameondoka, na aliyemtangulia pia aliondoka, ulizeni sababu kabla ya kutia saini mkataba.