Kapeti Imetoka? Funga Sabufloo Kwanza, Vinaili Itasubiri

Haya jamani tukae, wenye watoto kuna juisi kule nyuma, tuanze. Kwenye ratiba wameandika nitaongelea vinaili (zile mbao za plastiki), laminati, mbao ngumu, tailizi na bei zake, na nimepewa nusu saa. Nitajaribu. Ila mlionisikia zamani mnajua nitakwama wapi, na mjomba pale mbele ameshaanza kucheka kabla sijasema kitu. Cheka tu, lakini bado napigiwa simu zilezile, kwa hiyo naanza na lilelile: kapeti ya zamani ikishatoka na sakafu mpya haijaingia, hapo katikati ndo una nafasi ya kunyamazisha sabufloo, yani ile sakafu ya mbao ya chini inayobeba sakafu ya juu, kwa bei rahisi. Ukishaifunika, kila kitu kinakuwa shughuli. Najua mnataka kuniambia ile ya ufa na ukuta, naijua, tusonge.

Wengi wetu hapa hatukukulia kwenye sakafu za mbao. Kwetu Tanga ni saruji, unamwaga zege, unapiga niru, imeisha hiyo, na zile nyumba za zamani za mawe za Mombasa na Unguja zina boriti za mikoko lakini juu yake kuna mawe na chokaa, hiyo nayo hailii mtu akipita. Sasa ukinunua nyumba hapa Marekani, Minnesota, ukasikia kwiii, kwiii ukitembea, unadhani nyumba inaanguka, au unadhani ndo zilivyo. Yote mawili siyo.

Hebu niwaulize, kitanda cha mbao kikilegea kinalia kwa nini? (Kicheko.) Watu wazima mnajua, msijifanye. Kinalia kwa sababu kiungo kimeacha nafasi, mbao inacheza inasugua. Sakafu ni hivyohivyo, hakuna uchawi. Chini una boriti, kwa kawaida zimepangwa inchi 16 kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya nyingine, juu yake kuna shiti za plaiwudi au OSB (shiti za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) unene wa robo tatu ya inchi, zimepigwa misumari. Mbao ya ujenzi ikiuzwa kama kavu inaruhusiwa kuwa na unyevu hadi asilimia 19. Ikishafungwa ndani ya nyumba, hita inawaka miezi sita, inakauka mpaka chini ya nusu ya hapo na inasinyaa. Boriti ya inchi 9 na kitu kwenda juu inaweza kupungua karibu robo inchi. Boriti imesinyaa, msumari umebaki palepale, plaiwudi imebaki imeshikwa na msumari, katikati pana uwazi. Ukikanyaga plaiwudi inashuka inasugua msumari, ukiondoka inapanda inasugua tena. Ndo maana Januari inalia kuliko Julai, hewa ya kipindi cha baridi ni kavu kupita kiasi. Mtu ananiambia fundi, Julai imepona yenyewe. Haijapona, imevimba tu, subiri theluji.

Afu kuna msumari uliokosa boriti kabisa. Shuka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, na tochi, mwambie mtu atembee juu taratibu, angalia pembeni ya boriti utaona msumari umeshuka hewani unapanda na kushuka kila akikanyaga. Mwingine utaukuta ubavu mmoja umeng'aa kama umepigwa msasa na kwingine una kutu. Pale palipong'aa ndo panapolia. Huo usiupige nyundo urudi ndani, utalegea tena. Ung'oe, ukigoma ukate.

Sasa niwape kisa, waliokisikia wavumilie. Kuna baba mmoja, mtu wa Uvira kule Kongo, anafanya kazi usiku kwenye maghala, anarudi alfajiri. Kanunua nyumba, kapeti imechoka, akatafuta fundi wa bei poa, jamaa kaja kang'oa kapeti asubuhi, jioni vinaili imeshakaa, inang'aa, picha zimerushwa kwenye grupu la familia, kila mtu hongera hongera. Wiki haijaisha ananipigia. Ananiambia, fundi, nyumba inalia kuliko mutoto. Nikaenda. Koridoo inaenda vyumbani, na mbele ya mlango wa chumba cha mtoto, yani palepale ambapo lazima ukanyage, pana shiti mbili za plaiwudi zimekutana juu ya boriti moja. Baba akirudi kazini kwiii, mtoto anaamka, mama anaamka, huyu aliyetoka kubeba maboksi usiku kucha analala saa ngapi? Wakawa wanaruka pale. Mama mkwe alikuja kutembea, naye akafundishwa kuruka. (Kicheko.) Mnacheka, lakini yule mama ana magoti.

Besimenti yake imefungwa dari ya jipsamu, kwa hiyo huwezi kushuka ukaangalia. Ikabidi tung'oe ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, tufungue vinaili ubao kwa ubao kuanzia ukutani mpaka koridoo, kila ubao uandikwe namba nyuma ili urudi palepale, na baadhi ya ndimi zinazoshikanisha ubao na ubao zilivunjika, kwa sababu hizi vinaili za kubana hazipendi kufunguliwa. Tukakuta nini? Misumari iko vilevile, hakuna skrubu hata moja. Yule fundi wa kwanza alikuwa amepiga magoti juu ya plaiwudi tupu siku nzima inamlilia sikioni, akaendelea kutandika! Kufunga skrubu pale ilikuwa kazi ya dakika chache. Kufungua na kurudisha sakafu ilikula siku nzima, na mwenye nyumba ndo kalipa. Nikimuuliza mtu kwa nini hukufunga, jibu ni moja, mteja hakulipia. Basi mwambie mteja! Mwite, mkanyagishe, asikie, mpe bei. Akikataa amekataa, lakini awe amesikia.

Na msiniambie vinaili ina sponji chini itameza sauti. Sponji inameza kishindo cha viatu. Hiyo sauti inatoka chini ya sponji, kwenye msumari, na sakafu inayoelea haijashikwa na kitu, kwa hiyo plaiwudi inaendelea kucheza kama kawaida. Ikicheza sana hata viungo vya vinaili vyenyewe vinaachia. Poda ya mtoto je? Mimina ukitaka, itanukia vizuri, na itanyamaza mpaka poda ishuke, afu utaanza upya.

Haya, skrubu. Nimekuja nazo, zipitisheni mkono kwa mkono mzishike. Hii nyeusi ni ya jipsamu, kila mtu anayo gereji kwake na kila mtu anataka kuitumia. Hapana. Imetengenezwa kushika jipsamu ukutani, mahali pasipotembea. Ni ngumu lakini haipindi, inakatika. Ukiiweka sakafuni, watu wanapita, mbao inavimba na kusinyaa, kichwa kinakatika puu, shingo inabaki ndani, sasa una chuma kingine cha kusugua. Mimi nimeshafagia vichwa vya skrubu nyeusi kwenye sakafu ya mtu kama mtu anafagia choroko.

Hii nyingine ni ya sakafu, au ya deki, inchi mbili na nusu. Angalieni shingo, chini ya kichwa hapana meno, pako laini. Hapo ndo siri ilipo. Meno yanashika boriti, shingo laini inateleza ndani ya plaiwudi, kichwa kinavuta plaiwudi mpaka ikae juu ya boriti. Ukichukua yenye meno toka kichwani mpaka nchani, meno yanashika plaiwudi na boriti kwa pamoja, uwazi unabaki vilevile, umeufunga kwa kufuli. Mtu anasema nimeweka skrubu na bado inalia, namuuliza meno yanaanzia wapi, kimya. Na simama juu ya hapo unapofunga! Uzito wako ushushe plaiwudi kwanza, ndo drili ifanye kazi. Kichwa kizame kidogo tu, kisitoboe mpaka katikati ya plaiwudi.

Boriti utaijuaje iko wapi? Misumari ya zamani imekuchorea, fuata mstari wake, piga uzi wa chaki ukuta mpaka ukuta. Misumari kwa kawaida iko kila inchi 6 kwenye miisho ya shiti na kila inchi 12 katikati. Mimi kwenye miisho naongeza skrubu kati ya misumari panapolia, na kule kwingine kila pengo la inchi 12 linapata skrubu yake. Chumba chote, siyo pale panapolia tu, maana ukituliza hapa, mwezi ujao unasikia jirani yake. Ukikosa boriti utajua mkononi, skrubu inazunguka bure haivuti. Hiyo itoe, usiiache, la sivyo umetengeneza msumari mwingine uliokosa.

Dada hapa anauliza nyaya. Swali zuri sana, na ndo maana sipendi watu wachukue skrubu ndefu kwa kiburi. Hesabu ni hii: inchi mbili na nusu, toa robo tatu ya plaiwudi, imebaki inchi moja na robo tatu ndani ya boriti. Tundu la waya kwenye boriti linatakiwa liwe angalau inchi moja na robo kutoka ukingoni, au liwekwe bamba la chuma. Umeona? Skrubu ikishuka sawasawa juu ya tundu inaweza kufika. Kwa hiyo kabla ya kufunga shuka chini, angalia waya, mabomba ya maji na mabomba ya kupashia sakafu joto kama yapo, weka alama juu. Bafu na jiko ongeza umakini, mafundi bomba wanapenda kuchonga boriti juu wapitishe bomba lao.

Kwa wale ambao sakafu imeshakaa na besimenti iko wazi, kabari nyembamba ya mbao, ipake gundi, isukume kwa mkono kwenye uwazi, gonga kidogo mpaka ikae, basi. Ukiipiga kwa hasira unainua plaiwudi na unatengeneza kelele futi mbili mbele. Au piga mstari wa gundi ya ujenzi kwenye kona ya boriti na plaiwudi pande zote mbili. Inasaidia. Siyo sawa na kufanya mapema lakini inasaidia.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka. Plaiwudi iliyooza au OSB iliyovimba kwa maji haifungwi skrubu, inakatwa mpaka katikati ya boriti, unaweka kipande kipya, na kingo zisizo na boriti chini unazipigia mbao ya kukingama. Miisho iliyovimba kidogo piga msasa. Sakafu iwe imenyooka, wenye viwanda wengi wanataka tofauti isizidi inchi 3/16 kwenye urefu wa futi 10. Mbao ngumu, nunua mita ya unyevu, sabufloo isizidi asilimia 12, na unyevu wa mbao pana usipishane na wa sabufloo zaidi ya asilimia 2, wa zile nyembamba zaidi ya 4.

Hili moja naomba mnisikilize hata kama muda umeisha. Nyumba ya kabla ya miaka ya 1980, ukivua kapeti ukakuta vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9 au gundi nyeusi kama lami, usipige msasa, usikwangue. Inaweza kuwa na asbesto. Peleka kipande maabara kwanza, bei yake siyo kitu ukilinganisha na mapafu ya watoto.

Na sakafu inayodunda ni kesi nyingine. Kulia ni skrubu, kudunda ni boriti nyembamba au iliyochongwa vibaya, hapo unaita mtu wa hesabu za ujenzi kabla hujafikiria tailizi. Tailizi sitazifikia leo, na bei pia sitafika, mnisamehe.

Swali moja la mwisho. Mzee? Ngazi. Ngazi zinalia kwa sababu ileile, ila skrubu zake ni nyembamba na unazipiga kutoka chini kama unapafikia, juu utapasua mbao. Njoo hapa mbele nikuchoree, na hizo skrubu zangu nazitaka zirudi zote, hasa zile za shingo laini.