Tusi la Kwanza

Mabibi na mabwana, kila tukizungumzia matusi ya mitandaoni hapa Nairobi, lawama huangukia akaunti bandia. Wavueni kificho, tunaambiwa, adabu itarudi. Mimi sikubaliani.

Kujificha kuna nguvu yake, sikatai. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Philip Zimbardo wa Marekani alieleza jaribio ambamo wanawake waliofunikwa vichwa, majina yasijulikane, walimbonyezea mwenzao shoti ya umeme kwa muda mrefu kuliko waliovaa beji za majina. Shoti haikuwa ya kweli, lakini wao hawakujua.

Sasa fungueni kikundi cha WhatsApp cha ploti yoyote ya nyumba za kupanga, iwe Umoja au South B. Humo hakuna mgeni: jina linajulikana, simu inajulikana, hata mlango wa nyumba. Mama mmoja anauliza kwa upole mbona maji hayajapanda tangu juzi. Wa kwanza akijibu, "Msimamizi wa ploti amesema pampu imeharibika," yameisha. Akijibu, "Kwanza wewe lipa kodi," kufikia jioni watu wazima wanaosalimiana langoni kila asubuhi wameshavuana nguo. Swali ni lile lile na majirani ni wale wale. Kilichowaharibu ni jibu la kwanza.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliona jambo hili kwa watoto wadogo huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, matokeo yakachapishwa 1961. Waliotazama mtu mzima akimpiga mwanasesere kwa nyundo walielekea kumpiga vivyo hivyo, na wengine wakayarudia hata maneno yake. Mtoto alikuwa ameonyeshwa tu kwamba hapa, hili linafanyika.

Korea Kusini walijaribu dawa ya majina. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimishwa kuthibitisha watumiaji wao ni nani. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, ikiona imebana uhuru wa kusema bila faida ya kuonekana. Na mjue nani huumia kificho kikiondolewa: mfanyakazi anayefichua wizi wa bosi wake, msichana anayesimulia aliyotendewa na mtu mkubwa. Hao nawaombea waachiwe kificho chao.

Ninyi maadmini, wasimamizi wa vikundi, mlioketi hapa, ombi langu ni dogo. Tusi la kwanza likitua, msingoje litimie kumi. Lifuteni, mzungumze na aliyeliandika pembeni, kisha mjibuni yule mama kuhusu maji.