Kaminye Raba Kwanza

Vijana wangu, namna reki, lile bomba la stelingi lenye shafti ndani, inavyogeuza tairi mmeshaisoma darasani, siirudii. Mimi nimekuja kwa ajili ya raba, vile vifuko vya mikunjo vinavyofunika ncha mbili za reki. Mlionisikia mwaka jana mnivumilie, maana gereji bado nakuta yale yale.

Juzi mama mmoja kaniletea gari. Stelingi inalia akikata kona, oili ya stelingi anaongeza kila wiki. Fundi wake keshamwambia reki imekufa, atafute ya mtumba. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikaingia chini. Raba moja imechanika kwenye mkunjo wa tatu, na si jana wala juzi, kingo zilishakauka. Nikaiminya: oili ikanijaa kiganjani, nyeusi, ina mchanga. Nikatoa klipu, nikaisogeza raba, nikapitisha ukucha juu ya shafti ya reki. Ukucha ukakwama. Kutu imeshaila shafti. Hapo hata ufunge sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, shafti ile ile itaikata tena.

Raba zile mbili zinapumua, jamani! Ukikata kulia moja inajikunja, nyingine inatanuka. Iliyochanika, kila ikitanuka inavuta vumbi na maji ya dimbwi hadi kwenye mdomo wa sili. Tairi tunajaza upepo psi 30 hivi. Pampu ya stelingi usukani ukikatwa hadi mwisho hupita psi 1,000. Presha hiyo yote inazuiwa na ukingo mwembamba wa sili, nanyi mnauachia mchanga uusage.

Mtasema mteja hakuja kwa ajili ya raba, kaja kubadilisha pedi za breki. Sasa tairi si umeshalitoa? Raba iko mbele ya macho yako, unashindwaje kuinamisha kichwa? Mtasema hana hela. Huyo ndiye wa kumwambia mapema, kabla hajadaiwa reki nzima! Na ile dawa ya kumimina ili isivuje, inalainisha sili tu. Mkwaruzo wa shafti haiugusi.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka: aina ya oili someni kwenye kifuniko cha chupa yake, msimimine ya gari jingine. Kutoa hewa kwenye oili, tairi za mbele ziwe juu, injini imezimwa, zungusheni mwisho hadi mwisho mpaka mapovu yaishe. Mkitoa reki, fungeni usukani usizunguke. Waya wa eribegi uko pale ndani, utakatika. Mkimaliza, alaimenti, yaani kunyoosha tairi. Reki ya mtumba nayo ipimeni kwa ukucha kabla hamjalipa.

Stelingi za umeme nyingi hazina pampu ya oili wala hiyo oili yenyewe, lakini raba zipo pale pale na kutu inaingia vile vile.

Lile gari bado liko nje kwenye stendi, na mwenyewe ameniruhusu. Twendeni, kila mmoja aingie chini akaiminye kwa mkono wake.