Kodi Inayoijua Mvua

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wazee mliotangulia kuketi.

Kila Juni Dodoma yetu hujaa wageni wa bajeti, na Julai mosi mwaka mpya wa fedha huanza. Tunaulizana kilichopanda bei. Leo naomba tuulize jingine: kodi inamtazama nani?

Katika zaka ya mazao ya Kiislamu, anayelima kwa mvua hutoa asilimia 10; anayemwagilia kwa gharama yake hutoa 5. Wekeni mtama wa Chamwino unaongoja mawingu, kando yake zabibu za Hombolo ambazo mwenyewe kazinunulia dizeli ya pampu. Sheria ya karne ya 7 imeshawatofautisha hao wawili! Na asiyefikisha wasaki tano, takriban kilo 650, hadaiwi kitu. VAT yetu, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 haimjui mnunuzi. Vyakula vingi visivyosindikwa vimesamehewa, na hilo ni jema, lakini kwenye kipande cha sabuni mama ntilie anatozwa sawa na mwenye ghorofa.

Linalonigusa zaidi ni la mwaka 18 Hijria, yaani 639. Bara Arabu ilikauka hata mwaka ukaitwa wa Majivu. Khalifa Umar bin Al-Khattab akaagiza chakula kutoka Sham, yaani Syria na jirani zake, na inapokewa kwamba aliahirisha kukusanya zaka. Mvua iliporudi, wakusanyaji walichukua ya miaka miwili: moja wakaigawa palepale kwa maskini wa mahali hapo, ya pili wakaipeleka Madina. Angalieni, hakuifuta haki ya maskini. Aliisogeza mpaka mlipaji apate pumzi.

Mwaka 1936 Keynes, mwanauchumi Mwingereza, aliandika kwamba uchumi ukinywea serikali isifunge mkono. Itumie, hata kwa kukopa. Wanakutana hapo, kisha wanaachana: mkopo wa riba Uislamu hauukubali, na zaka ina mafungu manane ya wapokeaji yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Huwezi kuichukua ukajengea reli. Kwa hiyo anayesema zaka itoshe badala ya bajeti, mimi simwungi mkono. Hata dola za Kiislamu zilikuwa na kharaji, kodi ya ardhi, pembeni yake.

Lakini sisi wa Kanda ya Kati tunajua mvua inavyokatika Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mwaka huo mavuno ni nusu gunia, na kiwango cha ushuru wa mazao getini ni kilekile cha mwaka wa neema. Waheshimiwa madiwani mliomo humu, naomba tuanzie kwenye geti hilo.