Ukoo wa mnunuzi wa mazao wa karne ya 19: tuanzie wapi?

Mabibi na mabwana, anayetaka kuujua ukoo wa mfanyabiashara aliyenunua mazao kandokando ya ziwa letu la Viktoria asianze na jina. Aanze na mzigo, kwa sababu njia ya mzigo ndiyo inayoonyesha deni la mfanyabiashara huyo liliandikwa mji gani, na makaratasi yake yatafutwe wapi.

Kabla ya 1901, mali ya Usukuma ilibebwa na wapagazi kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ikavuka kwa jahazi kwenda Unguja. Karanga hazikuweza kulipa gharama ya safari ile. Pembe za ndovu ziliweza. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, mambo yaligeuka. Ngozi, karanga na samli zikavushwa ziwani kwa meli. Basi babu aliyenunua pembe mwaka 1885 mtafuteni Unguja; mwanawe aliyenunua ngozi mwaka 1908, Mombasa. Wengi hukwama hapa, wakimtafuta mtoto katika makaratasi ya mji wa baba.

Majina nayo yana mtego. Mfanyabiashara Allidina Visram alizaliwa Kera, Kutch, huko India, mwaka 1851, akafanya kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo kabla ya kutajirika Uganda. Visram ni jina la baba yake. Mtoto wa Allidina ni Abdulrasul Allidina. Anayeshikilia "Visram" peke yake atampoteza mjukuu. Tahajia pia hucheza: mfanyabiashara aliyeuawa Ukerewe mwaka 1877, pamoja na wamisionari Shergold Smith na O'Neill, huandikwa Songoro, kwingine Sungoro. Orodhesheni maumbo yote kabla ya kwenda Nyaraka za Taifa.

Tarehe ndizo zinazoharibu kazi kuliko yote. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo miaka 33 yake ni kama 32 ya kawaida. Mwaka 1302 ulianza Oktoba 1884. Daftari za biashara za Kigujarati hutumia Samvat, kalenda ya Kihindi ambayo mwaka wake huanza baada ya sikukuu ya Diwali, Oktoba au Novemba: toeni 57 kwa miezi ya tangu Diwali hadi Desemba, na 56 kuanzia Januari. Ukitoa 57 kila mara, mtoto wa Machi atazaliwa mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Kama daftari haina mwaka, tazameni fedha. Rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Tangu 1904, kwa heller 100. Uzito ukiandikwa kwa frasila, hesabuni ratili 35, karibu kilo 16.

Jambo moja daftari halisemi kamwe: wake. Mtu angeweza kuwa na nyumba pwani na nyingine huku, na watoto wa huku wakalelewa kwa wajomba wakichukua ukoo wa mama. Kwa hiyo mkikaa na wazee, ulizeni kwanza bibi alitoka kwa nani, kijiji gani, na mahari ilipokelewa na nani. Kisha ndipo mfungue daftari.