Usiilaumu Bajeti: Mazungumzo Kuhusu Filamu Moja ya Mazombi

Asalaam aleikum, hamjambo nyote kaka zangu na dada zangu, na wazee wetu mliokaa huku mbele shukran sana kwa kuja. Naingia moja kwa moja kwa mada manake joto la leo mwaliona wenyewe. Nataka tuongee kuhusu Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968 ya mazombi, yani maiti wanaofufuka wakawala watu, na nimeichagua hii kwa sababu kila nikikaa na vijana wanaoshuti hapa Mombasa, awe wa Kisauni, awe wa Likoni, awe wa Mji wa Kale, lalamiko ni lile lile, pesa hatuna, kamera mbovu, taa za kuazima, ndio maana filamu haikutoka vizuri. Mimi siliamini hilo. Hii filamu ilitengenezwa kwa dola kama 114,000, na kwa Marekani hata wakati ule hizo zilikuwa pesa chache sana, na ina makosa, tena mengine makubwa, lakini ukiyaangalia moja moja wapata kuwa yale yaliyoletwa na kukosa pesa mtazamaji ameshayasamehe zamani, na yale yanayoudhi mpaka leo yangerekebishwa bure, kwa kalamu tu.

Walianzaje? Romero na wenzake walikuwa Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, mbali kabisa na Hollywood, na walikuwa na kampuni ndogo ya kutengeneza matangazo ya biashara ya TV. Yani kamera wanaijua, taa wanazijua, kuedit wanajua. Hili watu hulisahau wakisimulia hadithi ya "vijana wasio na kitu", kitu walikuwa nacho, walikuwa na ufundi na mashine zao wenyewe. Wakachanga, watu kumi, kila mmoja dola 600, ikawa 6,000, wakaanza kushuti 1967 na hizo huku wakitafuta nyingine njiani. Na wachangaji hao hao ndio wakaingia kazini: Karl Hardman, yule anayecheza baba mkali aliyejificha chini ya nyumba, ndiye alikuwa prodyusa, tena akashika meikapu na sauti, na Marilyn Eastman anayecheza mkewe pia alikuwa kwa meikapu. Mwengine aliyechanga alikuwa na bucha, basi matumbo mnayoona mazombi wakiyagombania yametoka kwake. Damu ni sharubati ya chokoleti. Na hapa waone akili, ingekuwa filamu ya rangi chokoleti ingeonekana chokoleti, lakini wameshuti nyeupe na nyeusi, basi ile ile yaonekana damu nzito kabisa. Nyeupe na nyeusi ilikuwa rahisi kwa mfuko, na wao wakaifanya iwafanyie kazi.

Nyumba nayo ilikuwa ya shamba, ishapangiwa kubomolewa, kwa hivo wakapigilia mbao na misumari vile wanavotaka bila mwenyewe kulia.

Sasa ubora wake wa kwanza, na huu ndio nataka mwandike: nyumba moja, watu saba, na ubishi mmoja. Ubishi ni huu, tukae juu tuzibe milango na madirisha, au tushuke chini tufunge mlango mmoja tungoje? Ben, mhusika mkuu, ataka juu, apate kuona na kukimbia ikibidi. Harry Cooper, yule baba mkali niliyemtaja, ataka chini, manake ana mke na mtoto aliyeng'atwa. Filamu yote ni hio. Mazombi wako nje, waenda polepole, ukiwa peke yako na una akili zako waweza kuwapita, lakini wale walioko ndani hawawezi kuelewana hata kwa dakika moja, na hilo ndilo linalowamaliza. Ubishi hauli bajeti! Ni watu wawili wamesimama sebuleni wanafokeana, kamera iko karibu, taa imewekwa chini vivuli vinapanda ukutani, basi. Na mwisho wa usiku Ben, yule aliyesema chini ni mtego, anaokoka kwa kujifungia huko huko chini. Mwandishi hakumpa mtu yeyote haki yote, na ndio maana ukimaliza kuitazama wataka kubishana na uliyekaa naye.

Ubora wa pili ni redio na televisheni. Hawakuwa na pesa ya kuonyesha nchi nzima imeharibika, hawana majeshi, hawana miji inayoungua, basi wakaweka redio inaongea, halafu wakapata TV ndani ya nyumba, na mtangazaji anasoma habari kwa ile sauti kavu ya habari, na kati ya waandishi wa habari wa kwenye filamu kuna Bill Cardille, mtu wa televisheni ya Pittsburgh kweli kweli, watu wa pale wamemzoea usoni. Fikirieni hapa kwetu, nyumba ya Mji wa Kale, kuta nene za mawe, ngazi nyembamba, stima zimepotea, familia imezunguka redio ndogo ya betri na msomaji wa habari anasema kivuko cha Likoni kimesimamishwa hakuna anayevuka. Hukuonyesha feri, hukulipia feri, lakini kila mtu wa Mombasa ameshaingiwa na baridi, manake anajua kisiwa kikifungwa ni nini.

Wa tatu ni Duane Jones, anayecheza Ben. Skripti haikusema Ben ni mtu mweusi. Jones alikuja kwenye majaribio akawa ndiye bora, wakampa, na hawakuongeza neno hata moja kuhusu rangi yake. Wakati ule mtu mweusi kuwa shujaa wa filamu ya watu weupe, awape amri, ampige Cooper ngumi, lilikuwa jambo zito. Na mwisho, kwa wale hawajaiona nisamehe manake siwezi kuongea bila kuutaja, asubuhi wanakuja watu wenye bunduki na mbwa kusafisha mazombi, Ben anasogea dirishani, wanamwona kwa mbali, wanampiga risasi ya kichwa. Halafu picha za mgando, kama za gazeti, wanamburuta kwa ndoano za nyama mpaka kwenye moto. Filamu ilishutiwa kabla Martin Luther King hajauawa Aprili 1968, na ikatoka Oktoba mwaka huo huo, na watu wakaisoma kwa kifo kile. Kuna kampuni ya usambazaji iliyotaka mwisho ubadilishwe uwe wa furaha, Romero akakataa. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa kitu chengine chochote alichofanya.

Haya, makosa.

Barbra. Wallahi hili laniuma kila nikiitazama. Dakika za mwanzo filamu ni yake, ndugu yake ameuawa makaburini mbele ya macho yake, amekimbia, gari halina ufunguo akaliachia likateremka mlima lenyewe, amefika kwenye nyumba, tuko naye. Kisha Ben anaingia na mwandishi anamwacha. Anakaa kwenye kochi anatazama hewa, anazungumza kidogo, anapigwa ngumi, anarudi kwa kochi. Najua kuna watakaosema ndio mshtuko, mtu akifiwa hivo hupooza, na ni kweli hupooza, nimeona misibani. Lakini msibani pia nimeona mama aliyefiwa saa ile ile akasimama akauliza sanda iko wapi na nani atapika. Huzuni ina mwendo, na Barbra kanyimwa mwendo wowote. Romero mwenyewe alipoandika upya skripti ya filamu ya 1990, ile aliyoongoza Tom Savini, alimgeuza Barbara akawa mpiganaji, na kwangu huo ni ushahidi kuwa aliona pengo. Kumpa Barbra kazi ya kufanya 1968 kungegharimu pesa ngapi? Hakuna.

Kosa la pili ni maelezo. Kuna ile habari ya chombo cha anga kilichotoka sayari ya Zuhura na mionzi yake, na wanasayansi na wanajeshi wanabishana mbele ya kamera kule Washington. Haisaidii kitu. Hofu ya filamu iko kwenye kutojua, na pale wanapojaribu kujua, mwendo wote unalegea, katikati mle kuna kipande kirefu watu wametulia wanatazama TV na sisi twawatazama wao. Kile kifaa nilichokisifu sasa hivi, hapo kimezidi kipimo. Na mkiangalia vizuri zombi wa kwanza kabisa, wa makaburini, anakimbia mbio na kuokota jiwe avunje kioo cha gari, halafu waliobaki wengi wanajikokota tu. Sheria za dunia yako ziamue kabla hujaanza kushuti.

Uigizaji wa baadhi yao ni mgumu, hasa wale vijana wawili Tom na Judy, na mwanga wa nje unarukaruka kati ya jioni na usiku. Muziki wameuchukua kwa maktaba ya muziki, mwingine ulishatumika kwenye filamu za zamani. Haya nayapita mbio, mtazamaji mwenye moyo hayamkeri.

Nilinganishe kidogo na filamu nyingine, hii ya Uingereza, Colin ya 2008, ya Marc Price, iliyosifika kwa bajeti ya pauni 45. Wazo lake ni zuri mno, tunamfuata zombi mwenyewe, kijana aliyeng'atwa anatangatanga mjini, na familia yake wanajaribu kumkumbusha yeye ni nani. Hapo moyo wafinywa kweli. Lakini sini za vurugu kamera inatikisika na giza limezidi, huoni nani anamla nani, na zile pauni 45 msizishike kama lengo, ni hesabu ya vitu vilivyonunuliwa, jasho la watu waliokuja bure halimo. Kijana wa mtaa wa Tudor akija kukuekitia siku nne bila malipo, hio ni pesa, na ni deni.

Na hapa ndio naja kwa kosa kubwa kuliko yote, ambalo halimo hata kwenye picha. Filamu ya Romero ilikuwa na jina lengine, Night of the Flesh Eaters. Msambazaji, Walter Reade, akabadilisha jina, na ile kadi ya jina ndiyo iliyokuwa na ilani ya hakimiliki. Wakaweka kadi mpya, ilani wakasahau. Sheria ya Marekani wakati ule ilikuwa ukitoa kazi bila ilani umeipoteza, na wakaipoteza. Filamu ikaonyeshwa kila mahali, ikauzwa na kila mtu kwenye kanda za video, mwaka 1999 ikawekwa kwenye hazina ya filamu ya taifa lao, na waliochanga zile dola 600 hawakuona sehemu kubwa ya pesa hizo. Hapa Kenya kazi ikisharekodiwa ni yako hata bila ilani, lakini siku mkigombana ushahidi ndio utaulizwa, kwa hivo kasajilini KECOBO, ile ofisi ya hakimiliki ya Kenya.

Ewaa, naona mkono. Dada auliza, hata kama ni marafiki zangu niandikiane nao? Naam dadangu, hasa marafiki. Karatasi moja tu, jina la filamu, jina lake, kazi aliyofanya, kama amelipwa kiasi gani na kama hajalipwa filamu ikiuzwa atapata asilimia ngapi, sahihi mbili, tarehe, na kila mtu abaki na nakala yake, na muandikiane kabla hamjashuti, manake baada ya filamu kupendwa kila mtu ana kumbukumbu yake. Muziki pia, ukitumia wa jirani yako mwenye studio, mwandikiane. Haya, ndugu yangu pale nyuma, swali lako?