Jina Lako Katika CRB: Kusafisha Rekodi ya Mikopo Bila Dalali

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Kipindi cha leo tunawaelekezea wale waliowahi kuomba mkopo, wakajaza fomu, wakapeleka hati za mshahara, na mwishowe wakaambiwa kwamba majina yao yamo CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Bwana Mutua, wengi waliotuandikia wanataka kujua ni nani wanayeweza kumlipa ili awaondolee majina yao.

MUTUA: Swali hilo, Bi Zuhura, ndilo linalowatajirisha madalali. Nchini Kenya kuna kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kukusanya taarifa za wakopaji, nazo ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hakuna hata moja kati yake inayofuta deni la kweli kwa sababu mtu ametoa ada ya kusafishiwa jina. Taarifa hupelekwa huko na mkopeshaji, na hubadilika pale tu mkopeshaji huyo anapopeleka taarifa mpya, au mwenye jina anapopinga na uchunguzi ukaonyesha kwamba iliyokuwapo ilikuwa na kosa. Njia zote mbili ziko wazi kwako wewe mwenyewe, na dalali akizifuata, hufuata hizo hizo.

ZUHURA: Na hatua ya kwanza ni ripoti?

MUTUA: Ni ripoti, wala si kulipa. Watu wengi wakipigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa mkusanyaji wa madeni, hushtuka wakalipa papo hapo, bila kujua deni ni la nani wala ni kiasi gani. Kanuni zinakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka, na unaweza kuanza hata kwa simu ya kawaida. Metropol, kwa mfano, hupatikana kwa kupiga *433#. Nakushauri uchukue ripoti za kampuni zote tatu, kwa kuwa rekodi zao hazilingani kila mara, na kosa lililorekebishwa upande mmoja linaweza kusalia upande mwingine.

ZUHURA: Wengi wakishaipata ripoti hutazama peke yake alama inayopima jinsi mtu anavyoaminika kukopeshwa. Metropol hutoa alama kati ya 200 na 900, na mtu akiona 390 anakata tamaa hapo hapo, hata hasomi zaidi.

MUTUA: Alama ni matokeo, nayo haipingwi. Kinachopingwa ni mistari ya akaunti iliyo chini yake. Soma kila mstari ukiuliza mambo haya: je, huyu mkopeshaji namfahamu? Nambari ya kitambulisho ni yangu? Kiasi cha awali kilikuwa hicho? Salio linaloonyeshwa limetoka wapi? Siku za kuchelewa zimehesabiwa tangu tarehe gani? Chukua mfano wa mkopo wa simu wa shilingi 3,500 unaoonekana kuwa haujalipwa, ilhali mwenyewe anakumbuka wazi kuwa aliulipa. Mara nyingi ukifuatilia utakuta kwamba alilipa kwa Paybill, yaani nambari ya kampuni ya kupokea malipo ya M-Pesa, lakini kwenye nafasi ya nambari ya akaunti akaandika jina lake, au akakosea tarakimu moja ya nambari ya simu. Fedha zilifika kwa mkopeshaji, ila hazikuingia kwenye mkopo wake, na mfumo ukaendelea kumhesabu kuwa mdaiwa.

ZUHURA: Na ujumbe wa M-Pesa alikwisha kuufuta.

MUTUA: Hilo halina neno, kwa sababu taarifa ya miamala ya M-Pesa inaweza kuombwa upya, na ndani yake utakuta nambari ya muamala, tarehe, saa na Paybill iliyopokea. Hiyo ndiyo hati unayoiambatisha na pingamizi. Mwandikie mkopeshaji na kampuni iliyotoa ripoti kwa siku moja, ukitaja mstari wa akaunti unaoupinga na kueleza kwa sentensi mbili au tatu kosa liko wapi. Maelezo marefu ya shida za maisha hayakusaidii hapo, maana anayesoma anatafuta nambari ya muamala. Kampuni inatakiwa kuweka alama kwenye rekodi kuonyesha kwamba taarifa hiyo inapingwa, kisha ichunguze pamoja na mkopeshaji.

ZUHURA: Vipi kuhusu yule ambaye deni ni la kweli, lakini hakuwahi kuarifiwa kwamba ataorodheshwa?

MUTUA: Mkopeshaji anatakiwa kumpa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Iwapo hakufanya hivyo, mteja ana hoja, ingawa nisingependa mtu ajidanganye kuwa hoja hiyo inafuta deni. Zaidi ya hapo, mwezi Aprili 2020 Benki Kuu iliagiza kwamba madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasipelekwe CRB, na ikawaondolea wakopeshaji wa kidijitali wasiosimamiwa ruhusa ya kupeleka majina. Kwa hiyo mtu akikuta ameorodheshwa kwa deni la shilingi 600, aandike pingamizi bila kusita.

ZUHURA: Sasa tuje kwa deni la kweli na kubwa. Msikilizaji mmoja alikopa benki, akafutwa kazi, na anasema deni limevimba hadi halitambuliki.

MUTUA: Huyo aanze kwa kuomba benki taarifa kamili ya akaunti ya mkopo, kuanzia siku mkopo ulipotolewa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: mkopo ukishahesabiwa kuwa umeshindikana kulipwa, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kikidaiwa siku ile. Ikiwa msingi uliobaki ulikuwa shilingi 200,000, basi riba ya baada ya siku hiyo haiwezi kupita shilingi 200,000 nyingine, hata ikipita miaka kumi. Wapo wanaolipa zaidi ya hapo kwa kutojua tu. Akishapata hesabu sahihi, ajadiliane na benki, na makubaliano yawe kwa maandishi kabla hajatoa hata shilingi moja. Barua iseme kiasi kilichokubaliwa, tarehe ya mwisho, na kwamba benki itapeleka taarifa mpya CRB mara malipo yakikamilika. Ahadi iliyotolewa kwa simu na ofisa wa madeni haina uzito wowote, kwa sababu ofisa huyo huenda mwezi ujao akawa tawi jingine.

ZUHURA: Bado wapo wanaouliza kuhusu msamaha wa nusu ya deni.

MUTUA: Ule ulikuwa mpango wa Benki Kuu wa Novemba 2022, uliohusu mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30 iliyokuwa haijalipwa hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo. Ulikadiriwa kugusa wakopaji zaidi ya milioni 4.2 na madeni ya takriban shilingi bilioni 30. Wakopeshaji walisamehe angalau nusu, na mkopaji akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa iliyobaki. Mpango huo ulikwisha. Anayekutumia ujumbe leo akitaka ada ili akuingize kwenye msamaha huo ni mwizi.

ZUHURA: Kuna jambo linalowaumiza watu, nalo ni kulipa deni lote kisha kuambiwa kwamba historia itabaki miaka 5. Mimi binafsi naona miaka hiyo ni mingi kwa mtu aliyekwisha kulipa.

MUTUA: Ni mingi, hasa kwa deni dogo, na nadhani kanuni zingepaswa kutofautisha deni la shilingi 2,000 na la shilingi milioni 2. Hata hivyo ni vyema tueleze kwa usahihi. Ukilipa, akaunti inabadilishwa na kuonyesha kwamba haina deni tena, nawe unaweza kupata cheti cha CRB cha kuthibitisha hivyo. Kumbukumbu kwamba uliwahi kuchelewa ndiyo inayokaa miaka 5 tangu siku ya kumaliza kulipa. Usipolipa, hesabu ya miaka hiyo haianzi kabisa, na ndiyo maana wale wanaojificha wakingoja muda upite hawafiki popote. Kuwa na kumbukumbu hiyo hakumaanishi kunyimwa mkopo. Mkopeshaji hutazama pia ulivyolipa miezi ya karibuni.

ZUHURA: Kwa hiyo mtu akope tena?

MUTUA: Akope kidogo, mahali pamoja, kwa jambo ambalo angeligharimia hata bila mkopo, na alipe kabla ya siku kufika. Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, inayopeleka taarifa zake CRB inafaa sana kwa kazi hiyo. Asijaribu bahati yake kwenye programu tano za simu kwa juma moja, kwa sababu kila ombi huacha alama kwenye ripoti, na anayesoma atamwona kama mtu aliyekabwa.

ZUHURA: Swali la mwisho linatoka kwa kijana anayetafuta kazi serikalini. Hajawahi kukopa popote, na anauliza kama cheti cha CRB kinamhusu.

MUTUA: Kinamhusu, kwa kuwa waajiri wengi wa umma hukitaka pamoja na vyeti vya mamlaka ya kodi (KRA), bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu (HELB), idara ya upelelezi wa jinai (DCI) na tume ya maadili na kupambana na ufisadi (EACC). Na kama alisoma kwa mkopo wa HELB, basi amekopa, hata kama yeye haoni hivyo. Aombe ripoti yake sasa, kabla nafasi haijatangazwa, maana kurekebisha kosa huchukua wiki kadhaa, na muda wa kutuma maombi ya kazi hauwasubiri walio kwenye foleni ya pingamizi.